Mkwe Hashiki Kiuno

Kabla ya kiharusi, watu wa kijiji chetu cha Ihanda walinijua kwa mwendo. Sikuwa natembea, nilikuwa napita. Tukienda kanisani na mume wangu, mimi nafika kwaya ikianza wimbo wa kwanza, yeye anafika mchungaji akisoma matangazo, na wageni walikuwa wakiniuliza kwa huruma kama nilifiwa na mume siku nyingi. Basi siku ya kuanguka nilianguka mahali pa wazi kabisa, uani, juu ya turubai la kahawa niliyokuwa naigeuza juani, kuku wakinitazama. Mkono wa kushoto ulikataa kwanza, mguu ukaufuata, mdomo nao ukaenda upande bila kuniaga. Nilijaribu kumwita mume wangu, ikatoka sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuitambua. Akanijibu kutoka ndani kwamba mbuzi amekwisha kulishwa.

Simlaumu. Alipotoka na kuniona alikimbia mbio ambazo sikuwahi kuziona kwake tangu anioe, akaenda barabarani kusimamisha gari la mtu asiyemjua, na redio yake ndogo ikiwa bado inaimba shingoni.

Nilirudi kutoka hospitali nikiwa nusu. Nusu ya kulia ilikuwa yangu. Nusu ya kushoto ilikuwa ya mtu mwingine, mvivu, anayekula bila kulima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mgeni wangu huyu hata jembe lenyewe hakuweza kulishika. Mdomo ndio uliorudi mapema kuliko viungo vingine vyote. Mume wangu alisema hilo halikumshangaza.

Binti yangu wa mwisho alikuwa na kazi nzuri Bukoba, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliomba ruhusa, akaja na begi moja. Ruhusa ilipokwisha hakurudi. Nilimwambia aende, kazi haimsubiri mtu, akanijibu huku akinivua soksi, "Mama, nitaenda ukitembea." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mtu ukiwa huwezi kwenda chooni peke yako, mwanao akisema hatakuacha, unafurahi kwanza, aibu inakuja baadaye. Aibu ilikuja asubuhi yake, nilipomwona anapiga deki na kanga yangu kuukuu kiunoni kama mtu aliyekwisha kukubali kuzeekea hapo.

Kila wiki alinipeleka hospitali ya mjini kwa mazoezi. Tulikwenda kwa bodaboda, mishikaki: dereva mbele, mimi katikati, binti nyuma akinibana nisimwagike. Mguu wa kushoto haukujua kukaa pale pa kuwekea mguu, ilibidi ufungwe kwa mpira wa baiskeli. Watu waliokuwa wakibeba ndizi kwa baiskeli walitupisha kwa heshima, kwa sababu mzigo wetu ulikuwa umefungwa vizuri kuliko wao.

Daktari wa mazoezi alikuwa kijana mrefu, mpole, mzaliwa wa Nkwenda kule Kyerwa, ambako baba yake hununua maharage na kahawa. Idara yake ilikuwa chumba kimoja, kitanda, kiti, na vyuma viwili vya kushikilia ukipita katikati. Mwenzake alikuwa amekwenda masomoni, kwa hiyo idara nzima ilikuwa yeye. Siku ya kwanza alichukua kitenge changu, akakizungusha kiunoni, akafunga fundo, akalishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine akauweka ubavuni.

"Mama, nipo. Simama."

"Mwanangu, mimi si mwepesi."

"Nimeshaona, mama. Simama tu."

Nikasimama, yaani nusu yangu ikasimama na nyingine ikabebwa. Kila mara niliegemea kulia, upande wa mguu mzima, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili ndugu yake mgonjwa asimguse. Yeye akasema neno ambalo nilikuja kulisikia mpaka usingizini: "Mama, uzito kushoto."

"Kushoto hakuna kitu."

"Kupo. Uamini huo mguu."

"Huo mguu ulinitupa kwenye kahawa mbele ya kuku. Wewe ungeuamini?"

"Hauwezi kupata nguvu kama huupi mzigo, mama. Uzito kushoto."

Nilimtukana sana kijana yule. Nilimwita mkoloni. Alinifundisha kuinuka kitini bila kusukuma kwa mkono, kusimama miguu imekaribiana, kutembea pembeni kama kaa, kuvuka ufagio uliolazwa sakafuni. Kugeuka ndiko kulikonishinda kuliko yote. Mwili ulikuwa unageuka, mguu unabaki unaangalia tulikotoka. Siku moja nikiwa nimesimama vizuri, najisifu, akanisukuma bega kidogo. Kwa makusudi! Nikayumba, akanidaka kwa kile kitenge.

"Kijana, unamsukuma mgonjwa?"

"Nataka mwili ujifunze kujirudisha wenyewe, mama. Nikikushika usiyumbe kabisa, hautajifunza."

Binti yangu naye alikuwa na bidii ya ajabu. Siku za hospitali alisuka nywele. Alisimama karibu na daktari akiuliza maswali, akirudia majibu, akiuliza tena. Aliuliza hata habari za mguu wa kulia, ambao hauumwi. Mimi nilikuwa nikimtazama na machozi yananilengalenga, nikisema moyoni, mtoto huyu ananipenda jamani.

Sasa nifike kwenye mdomo wangu. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kuniombea. Baada ya maombi tukala ndizi na maharage, wakaniuliza matibabu yanaendeleaje, na mimi, kwa kuwa ulimi ulikuwa umerudi na nilitaka wote wajue, nikasema: "Yule kijana kwa wiki moja ananishika kiuno kuliko mume wangu alivyonishika tangu tufunge ndoa."

Walicheka mpaka mmoja akatokwa na maharage puani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyecheka kuliko wote. Huyu wifi anakaa ng'ambo ya barabara na anazijua mila kuliko walioziweka. Nje ya dirisha mume wangu alikuwa amekaa na redio yake, nami nilisikia sauti ya redio ikipungua, ikapungua, ikazima. Sikujali. Mgonjwa husamehewa mengi.

Haikupita mwezi, wifi akaja peke yake, amevaa gauni la sikukuu. Kwetu binti hamwambii mama yake habari za mchumba, humwambia shangazi, na shangazi ndiye anayezileta nyumbani. Nilipoona lile gauni nikajua. Nikamkaribisha, akakaa, akatengeneza mikunjo ya gauni kwa raha zake.

"Wifi, mtoto ana mchumba."

"Mungu mkubwa! Nani?"

"Unamjua."

"Namjua?"

"Unamjua, wifi. Na yeye anakujua. Kiuno chako anakijua kuliko kaka yangu, ulisema mwenyewe."

Nilinyamaza. Wanaonifahamu watakuambia hilo ni jambo la kuandikwa. Maswali yote yale ya mguu wa kulia yalinirudia kichwani, na zile nywele, na jinsi kijana alivyokuwa akinifunga kitenge kwa uangalifu nikidhani ni elimu. Halafu nikaanza kucheka, kisha nikakumbuka mila, nikaacha.

Maana kwetu mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawapitani mlangoni, hawakalii kiti kimoja. Wakisalimiana wanasalimiana kwa mbali, macho chini. Wazee walisema mkwe akimgusa mama mkwe mikono yake itatetemeka uzeeni, asiweze hata kujishikia kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi ni Mlutheri na siamini hayo. Lakini sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuyajaribu, na hasa si kwa mikono ya kijana anayepata riziki yake kwa mikono hiyo.

"Kwa hiyo kuanzia leo," wifi akasema, "asikuguse tena."

"Mahari haijaletwa. Bado si mkwe."

"Nia imeletwa. Nimeipokea mimi."

"Basi atashika kitenge. Akishika kitenge hajanishika mimi."

"Kitenge kiko wapi?"

"Kiunoni."

"Kiuno cha nani?"

Wifi akasogea karibu na kusema sehemu ya pili, na hapo hakucheka. "Mtoto amesema hivi: wageni wa posa wasije mpaka mama atembee bila kushikwa na mtu. Ukishindwa, haolewi, anabaki hapa kukutunza. Nimembembeleza, amekataa. Unamjua alivyo, amekufuata wewe." Akanitazama. "Na anayejua kukushika ndiye huyo asiyeruhusiwa kukushika. Sasa sijui."

Alipoondoka niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa kuliko siku niliyoanguka. Siku ile niliogopa kufa tu. Sasa niliona binti yangu amekaa palepale uani miaka na miaka, anageuza kahawa yangu, ananivua soksi, na yule kijana wa watu ameoa kwingine, na watu wanapita wanasema huyu mama ana bahati, ana mtoto mwenye utu. Sikutaka bahati hiyo. Nilitaka aondoke nyumbani kwangu, na nilitaka hivyo kwa sababu nilitamani sana abaki.

Jumamosi kijana akaja mwenyewe kwa pikipiki, shati limepigwa pasi. Alisimama mbali, kwenye mibuni ya mwanzo ya shamba, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumanne ulinishika kiuno, leo shikamoo unanirushia?"

"Nisamehe, mama. Kila wiki nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo ulikuwa unanitukana."

Hilo lilikuwa kweli, na ilibidi nilimeze.

Wifi alikuwa ameleta kiti chake, akakiweka katikati yetu kama refa. Tulijaribu kwanza njia ya vitenge viwili. Kijana alisema tukiviunganisha atashika mwisho, mbali kabisa, na wifi akapima umbali kwa macho akaona si dhambi. Nikasimama na fimbo yangu, kitenge kimefungwa kiunoni, kingine kimeungwa nacho, kijana nyuma kule ameshika ncha. Tukaanza kupita kwenye njia ya kibanja, katikati ya migomba. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi barabarani akasimama, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa adabu kama tunaelekea mnadani.

Nilimjibu maneno ambayo mama wa kanisa hatakiwi kuyajua. Kwa hasira nikageuka, na nikigeuka, kama unavyojua, mguu hugoma. Kitenge kirefu hakina faida kwa mtu anayeanguka. Nilikwenda chini polepole kama gunia, nikakalia nyasi za matandazo, fimbo huku, kiatu kule. Kijana alikimbia, akafika, akainama, kisha akasimama ghafla na mikono hewani juu yangu kama mtu anayeota moto. Binti alikuwa analia. Wifi alikuwa anapiga kelele, "Mama wee! Asimguse! Asimguse!"

Ndipo mume wangu akatoka nyuma ya nyumba. Alitembea kwa mwendo wake uleule wa matangazo ya kanisani, redio shingoni. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliinama, akanikamata kwapani, akaninyanyua, akaondoa kitenge cha pili akakitupa pembeni. Kile cha kiunoni akakishika fundo.

"Tangu tufunge ndoa, eh?" akaninong'oneza.

"Baba, mimi nilikuwa natania..."

"Nimesikia. Twende." Kisha akapaza sauti kwa kijana: "Haya, daktari, niambie. Mimi nashika, wewe sema."

Ndivyo tulivyofanya msimu mzima wa kahawa. Kijana alikuja kila alipopata nafasi, akakaa juu ya jiwe kwenye mibuni ya mwanzo, akatoa amri kwa mbali kama mtu anayechunga ng'ombe wa mwenzie. Wifi alikaa katikati akimenya ndizi, macho yakienda huku na huku. Mume wangu alishika fundo. Mwanzoni alinibana mpaka nikakosa pumzi, akanibeba nusu nusu, vidole vya miguu vikigusa ardhi kwa mbali.

"Baba, usimbebe!" kijana akapaza sauti.

"Ataanguka!"

"Mwache ayumbe kidogo! Akiyumba ndipo mguu unafanya kazi!"

"Mke ni wangu!"

"Ndiyo, baba! Mwache ayumbe!"

Tuligombana kila hatua. Nilimwambia anashika vibaya, akaniambia nimemzoea yule anayeshika vizuri. Lakini tulikuwa tunatembea, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tulikuwa na mwendo mmoja, mimi ndiye nikichelewesha. Nilikuwa sijui kwamba mume wangu anajua kila mgomba umepandwa lini na umetoka kwa nani. Alikuwa akinionyesha tukipita: huu ulitoka kwa mama yake, huu kwa rafiki yake anayekaa Nyakakika, huu uliota wenyewe akauonea huruma. Miaka yote mimi nilipita hapo mbio. Siku moja nililia pale kwenye njia, akadhani nimeteguka. Nikamwambia ndiyo, nimeteguka, kwa sababu nilikuwa bado sijazoea kumwambia mengine.

Nyasi za matandazo ndizo zilizonifundisha. Zinabonyea, hazitabiriki, mguu usiponyanyuliwa zinaukamata. Tukatoka kwenye fundo kushikwa kwa mkono mzima, tukaja fundo kushikwa kwa vidole. Halafu asubuhi moja nilikuwa naenda na fimbo, namsimulia mume wangu kwa hasira habari za bei ya kahawa, nikaona anayejibu hayupo. Redio ilikuwa imebaki nyuma. Niliisikia ikisoma matangazo ya vifo kule mwanzoni mwa migomba, na mimi nilikuwa nimefika kwenye mwembe wa jirani. Nilisimama hapo kama mwizi aliyemulikwa tochi.

"Umeniacha!" nikapiga kelele bila kugeuka, maana kugeuka nilikuwa bado naogopa.

"Zamani!" akajibu.

Wifi aliposikia alipeleka habari Nkwenda, siku ya wageni ikapangwa. Hapo nikapata mtihani mwingine. Kwetu mgeni wa heshima hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Mama wa nyumba ndiye anayezipeleka, kwa mikono miwili. Mikono miwili maana yake hakuna fimbo. Wifi akasema kwa upole wa hatari kwamba yeye yuko tayari kunipokea kazi hiyo, kila mtu ataelewa. Binti yangu alikuwa mlangoni. Niliuona uso wake, nikajua wifi akishika kikapu kile mtoto atasema mama bado, na wageni watarudi Kyerwa na kahawa yao mdomoni.

"Nitapeleka mwenyewe," nikasema.

Siku ilifika. Sebule ilikuwa imetandikwa nyasi laini mpya, kwa heshima, na mtu aliyetandika hakuwa amewahi kuumwa kiharusi. Wazee wa Nkwenda walikaa upande wa dirisha, suti zao zina vumbi la safari. Kijana alikuwa mwisho kabisa karibu na mlango, macho chini kama inavyotakiwa. Ni Wakatoliki, kwa hiyo walikuwa wamekwisha kupiga ishara ya msalaba kabla sijatokea, nami niliona wamefanya la maana.

Nilitoka chumbani na kikapu. Mkono wa kushoto, ambao siku hizo ulikuwa umejifunza kushika vitu visivyo na haraka, ulikuwa chini ya kikapu, wa kulia juu. Nilivuka kizingiti. Nilikwenda vizuri, mguu wa kushoto nikaunyanyua kama nilivyofundishwa, tena, tena, nikaanza hata kuwaza kwamba gauni langu limenikaa vizuri. Hapo katikati ya chumba nyasi zikaukamata mguu.

Mwili ulikwenda kulia. Nilikuwa naijua ile njia, nilikuwa nimeipita mara nyingi. Kikapu kikainama, buni zikaanza kugongana. Nikamwona kijana anaruka kutoka kitini, mikono mbele, ile mikono yenyewe. Wifi akavuta pumzi mpaka ikasikika. Mzee wa Nkwenda akasema "Hee!" Na kijana, katikati ya kuruka, akakumbuka. Akarudi kitini kwa kishindo, akaikalia mikono yake yote miwili, na kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani akapiga kelele mbele ya wazee wake na wangu:

"Mama, uzito kushoto!"

Sikufikiri. Nimetukana amri ile mpaka imeingia kwenye mifupa. Nikauachia mwili wangu wote uende kushoto, juu ya mguu ule ulionitupa chini mbele ya kuku, na mguu ukanipokea. Ulitetemeka, ukasimama. Nikasimama nao. Buni moja tu ilianguka, ikabiringika hadi kwenye kiatu cha mzee mkubwa wa Nkwenda. Nikafika, nikainamisha kichwa, nikafunua kikapu.

Mzee alichukua buni, akaitafuna taratibu huku akinitazama miguu.

"Ahsante, mama. Tumepokea, tumetafuna. Huyu kijana wetu ndivyo anavyoongea na wakwe zake siku zote?"

"Ndivyo," nikasema. "Na nyie mzoee."

Walicheka, mume wangu akacheka kuliko wote, na nyuma ya pazia la chumbani nilimsikia binti yangu analia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto. Baadaye wifi aliniita jikoni, anataka tulijadili jambo. Kama sauti ya mkwe ikimshika mama mkwe asianguke, je, si kumgusa? Nilimwambia akawaulize walioziweka mila, mimi nina wageni. Mpaka leo hajapata jibu na linamsumbua, na mimi nafurahi kwamba linamsumbua.

Jumatatu binti akapakia begi lake, lile lile moja. Kazi Bukoba walimpa tena, akamalizie miezi iliyobaki kabla ya harusi. Alitaka kuniaga nikiwa nimekaa kitini, amezoea hivyo. Nikamwambia mgeni hasindikizwi na mtu aliyekaa. Nikachukua fimbo, tukatoka, tukapita kwenye migomba yote ya baba yake nikimwonyesha upi ulitoka kwa nani, na alishangaa kwamba najua. Hakunishika. Mara mbili tatu niliuona mkono wake unakuja, unarudi.

Barabarani bodaboda ilikuwa inasubiri. Alipanda, akanitazama miguu, siyo uso, miguu, kwa muda mrefu.

"Mama, utarudije?"

"Kama nilivyokuja. Nenda, utachelewa."

Akaenda. Nilisimama mpaka vumbi likatua, halafu ikabidi nifanye lile jambo gumu. Nikageuka, polepole, mwili kwanza, mguu ukifuata, na mara hii ukafuata. Nyuma ya migomba nilisikia redio inasoma matangazo. Ilikuwa imekuja taratibu njia nzima, kwa mbali, haikutaka kuonekana.

"Unafanya nini huko?" nikapaza sauti.

"Namtafuta mbuzi," mume wangu akajibu.

Mbuzi alikuwa amefungwa uani, nilimwona wakati tunatoka. Lakini nilisema haya, tumtafute, nikaanza kurudi, na machozi yalinitoka njia nzima, na sikuanguka.